Maisha ya J. C. Daniel, Baba wa Sinema ya Kimalayalam

Aghalabu kurasa za kijarida cha maadhimisho kama hiki hujazwa na maisha ya watakatifu, ya wafadhili waliochangia matofali ya mwanzo, na ya wapigania uhuru wa India. Hatuna neno juu ya desturi hiyo. Hata hivyo, tulipoombwa na kamati tuandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, tuliona vyema kumchagua mtu ambaye hakuwa Mhindu, hakuwa Mgujarati, na ambaye katika uhai wake hakuona faida ya jambo kubwa alilolianzisha. Jina lake ni Joseph Chellaiah Daniel. Wamalayali humwita baba wa sinema yao, na habari zake zinalihusu kila hekalu lenye mlango, kama msomaji atakavyoona huko mbele.

Majirani zetu wamezipenda picha za Kihindi tangu enzi za baba zao, wakaziimba nyimbo zake bila ya kuijua lugha yenyewe. Lakini wengi hudhani kwamba India ina sinema moja tu, ile ya Mumbai. Sivyo. Watamil wana yao, Watelugu wana yao, Wabengali wana yao, na Wamalayali nao wana yao, ambayo vijana wetu siku hizi huitazama kwenye simu huku wakisoma tafsiri chini ya picha. Kimalayalam ni lugha ya Kerala, jimbo jembamba lililolala baina ya milima na Bahari ya Arabu, kusini-magharibi mwa India, ambalo sensa ya 2011 ililihesabia watu zaidi ya milioni 33. Watu wa huko si wageni kwetu Afrika Mashariki. Sisi wenyewe tulifundishwa hesabu na mwalimu wa Kimalayali, na kama hatukuzijua vizuri, kosa si lake.

Daniel alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo jimbo la Kerala halikuwapo bado. Kulikuwa na ufalme wa Travancore, chini ya Maharaja aliyeutambua ukuu wa Waingereza, na kijiji cha kwao, Agasteeswaram, kilikuwa kusini kabisa mwa ufalme huo, karibu na Rasi ya Kanyakumari ambako nchi kavu ya India inakoma. Familia yake ilikuwa ya Kikristo, yenye mali na elimu, ya jamii ya Wanadar. Hapana budi tulieleze jambo hili kidogo, kwa sababu bila ya kulijua yaliyofuata hayataeleweka. Kazi ya jadi ya Wanadar ilikuwa ugema wa mivumo, na kwa watu wa matabaka ya juu mgema alikuwa mtu wa kukaa mbali. Wanawake wao walikatazwa hata kujifunika kifua mbele ya wakubwa, mpaka zikatokea ghasia za miaka mingi, na ruhusa ya Maharaja ikatoka mwaka 1859. Kwa hiyo Daniel, ingawa alilala katika nyumba ya tajiri, alitoka katika watu waliojua maana ya kupimiwa hatua.

Alisoma Trivandrum, mji mkuu wa ufalme, ambao leo huitwa Thiruvananthapuram. Lakini moyo wake haukuwa katika vitabu tu, bali pia katika kalaripayattu, mapigano ya jadi ya watu wa kusini, na hasa katika mchezo uitwao chinnadi. Aliandika hata kitabu cha Kiingereza juu ya sanaa ya upanga ya Kihindi. Ilimuuma kuona sanaa hiyo inafifia, akatafuta njia ya kuionyesha kwa watu wengi kwa mara moja. Ndipo alipofikiria sinema. Hakuanza kama mpenda sinema. Alianza kama mtu mwenye bidhaa anayetafuta soko, na sisi tuliokaa dukani miaka arobaini tunamwelewa.

Alikwenda kwanza Madras kujifunza, lakini milango ya studio haikumfungukia. Akaenda Bombay. Huko nako mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia hivi hivi, basi akajitambulisha kuwa mwalimu kutoka kusini anayetaka kwenda kuwafundisha wanafunzi wake jinsi picha zinavyotengenezwa. Kwa hila hiyo ndogo alipata kuziona kamera, taa, na chumba cha giza ambamo mikanda husafishwa. Alirudi Travancore akiwa na ujuzi kiasi na vifaa, na mwaka 1926 akafungua katika mtaa wa Pattom, Trivandrum, studio aliyoiita Travancore National Pictures. Ilikuwa studio ya kwanza katika nchi yote ambayo leo ni Kerala. Fedha alizipata kwa kuuza ardhi ya urithi.

Filamu aliyoitengeneza iliitwa Vigathakumaran, yaani mtoto aliyepotea. Daniel aliitunga, akaiongoza, akashika kamera, akakata na kuunganisha mikanda, na juu ya yote akaigiza kama shujaa wake. Ilikuwa filamu bubu, kama zote za India wakati huo. Hadithi yake ni ya mtoto wa tajiri wa Travancore anayetekwa na mtu mwovu na kupelekwa Ceylon, nchi tunayoiita sasa Sri Lanka, ambako anakulia katika kazi za shambani chini ya mabwana wa Kiingereza hadi anapata cheo. Jamaa yake wa mbali anafika Ceylon akiwa safarini, anaibiwa, anasaidiwa na kijana huyo bila ya yeyote kumjua mwenzake. Wanarejea pamoja Travancore, na mwishowe kovu lililo mgongoni mwa kijana ndilo linalomtambulisha kwa watu wake. Katikati yake kuna mapenzi baina ya yule msafiri na dada wa kijana aliyepotea.

Msomaji atasema kwamba hadithi hiyo ameiona mara mia. Ni kweli, na sisi pia tumeiona mara mia, kwa Kihindi, ikiwa na nyimbo sita. Lakini tuangalie ilitokea lini. Mwaka 1913 Dadasaheb Phalke alionyesha Bombay filamu ya Raja Harishchandra, na kwa miaka mingi baada ya hapo wengi waliotengeneza picha India walichota katika Purana na katika habari za wafalme, maana hizo watu walizijua na kuziheshimu, na mfanyabiashara mwenye akili huanza na bidhaa inayojulikana. Daniel aliacha njia hiyo akachukua watu wa kawaida wa zama zake, wenye mavazi ya zama zake, wanaosafiri kwenda Ceylon kutafuta riziki kama Wamalayali na Watamil wengi walivyokuwa wakisafiri kwelikweli. Kwa maoni yetu hapo ndipo tabia ya sinema ya Kimalayalam ilipoanzia, nayo imebaki nayo hadi leo: kumtazama mtu wa nyumba ya jirani.

Sasa alihitaji mwanamke wa kuigiza kama Sarojini, msichana wa hadithi. Siku zile mwanamke kusimama mbele ya kamera lilikuwa jambo la aibu. Phalke mwenyewe alilazimika kumpa mwanamume, Salunke, nafasi ya Malkia Taramati. Husimuliwa kwamba Daniel alimwita mwigizaji kutoka Bombay, naye akaja na madai ya anasa ambayo mfuko wa studio changa haukuyaweza, akarudishwa. Hatimaye alimpata binti maskini wa hapo hapo Travancore, aliyekuwa akikata majani ya mifugo na kuigiza katika michezo ya jukwaani iitwayo kakkarissi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Rajamma. Katika sinema aliitwa P. K. Rosy.

Rosy alikuwa wa jamii ya Wapulaya, ambao katika ngazi ya matabaka waliwekwa chini kabisa, chini hata ya Wanadar. Na Sarojini wa hadithi alikuwa binti wa Kinair, wa tabaka la heshima.

Hapa yatupasa tutue kidogo. Sisi tulio wanachama wa hekalu tusifikiri kwamba mambo haya yalikuwa ya wapumbavu wa mbali. Katika Travancore ya wakati ule Mpulaya hakuingia hekaluni. Si hekaluni tu, hata barabara zinazolizunguka hekalu hakuruhusiwa kupita. Mwaka 1924, katika mji wa Vaikom, watu walianza satyagraha kudai haki ya kutembea tu, si ya kuabudu, katika barabara zinazozunguka hekalu la Shiva. Wakapigwa, wakafungwa, wakasimama ndani ya maji ya mvua ya masika. Mwezi wa Machi 1925 Mahatma Gandhi, mtu wa kwetu Kathiawar, alifika Vaikom mwenyewe kuzungumza na wenye hekalu. Mwisho wa mwaka huo ulifikiwa mwafaka: barabara tatu zikafunguliwa kwa watu wote, ya nne ikabaki imefungwa. Daniel alifungua studio yake mwaka mmoja baadaye, katika nchi ambayo bado ilikuwa ikibishana juu ya barabara moja.

Vigathakumaran ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Capitol, Trivandrum. Vitabu vingi vya zamani hutaja tarehe 7 Novemba 1928. Watafiti wa baadaye hutaja 23 Oktoba 1930. Onyesho lilifunguliwa na mwanasheria mashuhuri, Malloor Govinda Pillai, mbele ya watu wa heshima wa mji. Husimuliwa kwamba Rosy hakukaa pamoja nao. Yeye ambaye sura yake ndiyo iliyokuwa ikingojewa alitakiwa asubiri onyesho jingine, kwa kuwa wakubwa wasingekubali kukaa naye chini ya dari moja.

Taa zikazimwa, na mtu wa kueleza hadithi akaanza kueleza, kama ilivyokuwa kawaida ya filamu bubu. Palipotokea sehemu ambapo shujaa analibusu ua lililo katika nywele za msichana, ukumbi ulichafuka. Waliokuwamo hawakumwona Sarojini wa Kinair. Walimwona binti wa Kipulaya aliyevaa mavazi yasiyo yake. Walirusha mawe, wakalipasua pazia. Ghadhabu haikuishia ukumbini. Rosy alifukuzwa, na nyumba yao ikachomwa moto. Usiku alisimamisha lori lililokuwa likipita, dereva akamchukua, naye akaishia Nagercoil, kusini. Akaolewa na dereva huyo, akaishi kwa jina la Rajammal, na hakuigiza tena. Filamu aliyoifanya ilikuwa moja. Hata kuiona ikimalizika katika ukumbi uliotulia hatujui mtu aliyesimulia kwamba aliiona.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza kama Daniel naye hana lawama, aliyemtanguliza binti maskini mbele ya watu aliowajua walivyo. Swali hilo ni la haki. Yeye alikuwa na mashamba ya kuuza. Rosy alikuwa na kibanda. Lakini tunaona pia kwamba katika mji wote wa Trivandrum ni yeye peke yake aliyemtazama mkata majani akaona anaweza kuwa binti wa nyumba kubwa, akaweka mali yake yote juu ya maono hayo.

Filamu ilipelekwa miji mingine. Huko Alappuzha watazamaji walikuwa wapole zaidi. Picha ilipofifia pazia, mtangazaji aliwaambia kuwa hii ni filamu ya kwanza ya Wamalayali na kasoro ndogo zivumiliwe, nao wakapiga makofi. Makofi, hata hivyo, hayalipi deni. Tukilitazama jambo hili kwa jicho la biashara, Daniel aliweka mtaji wote katika bidhaa moja, katika nchi yenye kumbi chache, na ukumbi ulio muhimu kuliko zote, wa mji mkuu, ukamgeuka siku ya kwanza. Hakuwa na filamu ya pili ya kufidia ya kwanza. Mkewe, Janet, alitoa mapambo yake ya dhahabu yauzwe. Kisha vikauzwa vifaa, na studio ikafungwa.

Mtu aliyekuwa tajiri akaanza upya. Alijifunza udaktari wa meno, akafanya kazi hiyo katika miji ya Watamil, na kwa kazi hiyo akajijenga tena, akalea watoto wake. Lau angeishia hapo, angekufa katika raha. Lakini alikutana na P. U. Chinnappa, mwigizaji aliyekuwa na jina kubwa katika sinema ya Kitamil, na mazungumzo yakaamsha ugonjwa wa zamani. Daniel akaenda Madras kwa ajili ya filamu kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine akapoteza alichokuwa nacho. Alirudi Agasteeswaram mikono mitupu. Sisi tumewahi kuwaona watu wa namna hiyo sokoni, na hatujapata kumwona hata mmoja aliyeponywa kwa nasaha.

Sinema aliyoianzisha haikumngojea. Mwaka 1938 ilitoka Balan, filamu ya kwanza ya Kimalayalam yenye sauti, iliyotengenezwa Salem na T. R. Sundaram na kuongozwa na S. Nottani, ambaye hata hakuwa Mmalayali. Mwaka 1947 Kunchacko alianzisha studio ya Udaya huko Alappuzha. Mwaka 1954 Ramu Kariat na P. Bhaskaran walitoa Neelakuyil, hadithi ya mwanamke wa tabaka la chini anayeachwa na mwalimu wa tabaka la juu akiwa mja mzito. Filamu hiyo ilipata tuzo ya kitaifa, na watu waliilia badala ya kuirushia mawe. Mwaka 1965 Chemmeen, habari ya wavuvi wa pwani, ilitwaa medali ya dhahabu ya Rais wa India. Jambo lililomwangusha Daniel likawa ndilo fahari ya sinema ya Kimalayalam. Katikati ya mambo hayo, mwezi wa Novemba 1936, Maharaja wa Travancore alikuwa ametoa tangazo la kuwafungulia Wahindu wa matabaka yote milango ya mahekalu ya serikali yake. Kama Vigathakumaran ingechelewa miaka kumi, pengine mawe yangekuwa machache. Hatuwezi kuapa.

Katika miaka ya 1960 mwandishi wa habari Chelangat Gopalakrishnan, aliyekuwa akikusanya historia ya sinema ya kwao, alimkuta Daniel mzee akiwa hai, maskini na mgonjwa, akaanza kuandika juu yake ili nchi imjue. Serikali ya Kerala ilikuwa ikiwapa wasanii waliozeeka katika dhiki posho ya kila mwezi. Ombi la Daniel likakataliwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa mpaka. Mwaka 1956 India ilipoyagawa majimbo yake kwa lugha, Kerala ilizaliwa, lakini wilaya ya Kanyakumari, pamoja na Agasteeswaram, iliwekwa upande wa jimbo la Madras, ambalo baadaye likaitwa Tamil Nadu. Mzee hakuwa amehama. Mpaka ndio uliohama. Akaambiwa kwamba yeye ni mtu wa Tamil Nadu na aombe huko, kana kwamba Watamil nao wangemlipa mtu kwa kuwaanzishia Wamalayali sinema. Kati ya wasomaji wetu wamo ambao wazee wao walizaliwa chini ya bendera moja, wakafanya kazi chini ya nyingine, na wakazeeka wakiulizwa karatasi za nchi ya tatu. Kwao hatuna haja ya kueleza.

J. C. Daniel alifariki tarehe 27 Aprili 1975. Gopalakrishnan hakuacha kuandika. Mwaka 1992 serikali ile ile ya Kerala ilianzisha tuzo iliyo kubwa kuliko zote katika sinema yake, kwa ajili ya waliotumikia maisha yao yote, ikaiita Tuzo ya J. C. Daniel, nayo hutolewa kila mwaka. Mwaka 2013 mwongozaji Kamal alitengeneza Celluloid, filamu juu ya maisha yake, ambayo tunawashauri wanachama waitafute. Mwaka 2019 wanawake wa sinema ya Kerala walianzisha chama cha filamu wakakipa jina la P. K. Rosy.

Vigathakumaran yenyewe haipo. Filamu bubu ya pili ya Kimalayalam, Marthanda Varma ya 1933, ilizuiwa kwa kesi ya haki ya kitabu, mikanda ikakamatwa na kukaa miaka mingi ghalani kwa mchapishaji, na kwa bahati ya kesi hiyo nakala yake imehifadhiwa leo katika hazina ya filamu ya taifa huko Pune. Mikanda ya Daniel haikukamatwa na mtu. Ilikaa nyumbani kwake. Mwanawe mdogo alisimulia alipokuwa mtu mzima kwamba alipokuwa mtoto aliiona kuwa kitu cha kuchezea. Mikanda ya zama zile ilishika moto upesi na kutoa mwali wa kupendeza, basi alikata kipande, akakiwasha, akakitazama kikiwaka, kisha akakata kingine.